Siku Moja Bila Nyama

Jumatatu, 2 Oktoba

Msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo na friza bado ina nyama ya mwaka jana ya hirvi, yule swala mkubwa wa misitu ya huku. Hirvi mmoja dume anamshinda ng'ombe kwa uzito, na mtu huchoka kumla. Lakini hapa kijijini Haukilampi ni aibu kuingia msimu mpya na nyama ya zamani. Watasema chama cha wawindaji kinaua wanyama bure, na aliyepewa mgao mkubwa ni mume wangu Taisto, mkuu wa chama. Kwa hiyo wiki hii ni nyama asubuhi, nyama mchana, nyama jioni. Yeye hana neno. Ukimwekea hirvi mezani anakuwa mtoto.

Keshokutwa anakwenda mjini kupima damu. Mwezi wa Februari daktari alisema figo zake zimeanza kuchoka, sababu ya presha ya miaka mingi, akataka zipimwe tena vuli kabla mambo hayajaharibika. Taisto akasema atakwenda msimu ukiisha. Nikamwambia, mama yako aliondoka kwa figo, utakwenda kabla, tena utakwenda umeoga. Akacheka, akakubali.

Jumatano, 4 Oktoba

Ametoa damu. Mvua kutwa. Jioni tumekula iliyobaki ya jana, nyama ya kuoka na viazi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Majibu yameingia kwenye mtandao kabla daktari hajapiga simu. Ndivyo mambo yalivyo siku hizi: unakunywa kahawa yako, unafungua kompyuta, unakuta habari za figo za mumeo. Mimi ndiye ninayefungua. Taisto na kompyuta hawapatani, na kwenye simu hasikii vizuri tangu bunduki ilipomharibia sikio la kulia.

Kreatinini: 148. Pembeni nyota, maana yake haiko sawa. Februari ilikuwa 104. Chini yake namba nyingine, ya uwezo wa figo kuchuja: 42, nayo Februari ilikuwa 64. Moja imepanda, nyingine imeshuka. Mwanzo nilidhani moja ni habari njema na nyingine mbaya, basi zimelingana. Nikasoma huku na huku mpaka kahawa ikapoa. Kumbe kreatinini ni taka za misuli zinazozunguka kwenye damu, na kazi ya figo ni kuzitoa. Zikibaki nyingi, figo hazijazitoa. Namba ya pili wanaipata kwa kupiga hesabu kutoka hiyo ya kwanza na umri wa mtu. Kwa hiyo zote mbili zinasema neno moja, nalo si zuri.

Lakini nikaendelea kusoma, nikafika penye ahueni: mtu akila nyama nyingi iliyopikwa siku moja kabla ya kupima, kreatinini hupanda kwa sababu hiyo tu. Bila shaka! Nyama si msuli? Nikapiga kofi mezani peke yangu jikoni.

Baadaye kidogo muuguzi wa zahanati akapiga.

"Mama, mzee alikula nini siku ya kuamkia kipimo?"

"Hirvi," nikamwambia. "Wiki nzima hirvi. Tunamaliza friza."

Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Nyie watu wa huko na nyama yenu! Haya, arudie Jumanne ya tarehe kumi na saba. Siku moja kabla asiguse nyama. Hata mchuzi asionje. Siku moja tu, ataweza?"

"Ataweza. Nitampikia uji."

"Na dawa anatumia zipi?"

"Za presha tu, zile mlizomwandikia."

"Nyingine hakuna?"

"Hakuna."

Nikaweka simu chini nikajisikia mtu wa maana. Nimesoma, nimeelewa, nimejibu hata kabla daktari hajasema. Nilipomweleza Taisto akanitazama hivi, akasema, "Bibie, ungekwenda shule ungekuwa waziri wa afya." Nimefurahi siku nzima.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya sauna, ile ya kuoga kwa mvuke. Oiva amekuja na mbwa wake Halla, kama kila Jumamosi. Oiva na Taisto wamewinda pamoja tangu wote wawili wana nywele, na habari haikai kifuani mwa Taisto hata dakika moja, kwa hiyo Oiva alitoka saunani amekwisha jua kila kitu.

"Shemeji, ni kweli? Bosi akichomwa sindano inatoka supu?"

"Supu yenye viazi," nikamwambia.

"Basi mimi nikichomwa itatoka bia. Halla, wewe je?" Mbwa akapiga mkia. Tulicheka sana barazani, moshi unatutoka mdomoni kwa baridi.

Goti la Taisto limevimba, alizunguka msituni akikagua malindo yote ya kuvizia hirvi. Nimempa vidonge viwili vya maumivu kutoka droo ya vijiko. Vinakaa na vijiko kwa sababu hapa kwetu vinatumika kama vijiko.

Jumanne, 10 Oktoba

Friza tupu. Nimeiosha kwa siki. Goti bado, vidonge asubuhi na jioni.

Jumamosi, 14 Oktoba

Tumefungua msimu! Mvua iliyochanganyika na theluji, njia zote tope, na wanaume wamevaa fulana zao za rangi ya chungwa, kila mmoja anajiona kijana. Hirvi wa kwanza kaanguka kabla ya saa sita, jike asiye na ndama, risasi ya Oiva. Halla alimfuata kutoka kinamasi hadi barabarani bila kumwachia. Mbwa gani yule! Mwembamba, mwepesi, macho ya kazi.

Mimi na sufuria yangu kubwa tulikuwa tayari kwenye kibanda cha wawindaji. Hapa kwetu mkuu wa wawindaji ndiye huonja supu kwanza, wote wakiwa wamesimama. Asipoonja, hakuna anayeshika kijiko. Taisto alionja, akafumba macho, akasema, "Haya, uhai umerudi." Anasema hivyo kila mwaka na kila mwaka wanapiga makofi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kesho kipimo, kwa hiyo leo ilikuwa iwe siku ya uji. Nilikumbuka nikiwa kibandani, supu imechemka na Taisto ameshika kijiko. Nikamvuta pembeni.

"Leo hutakiwi kula nyama."

"Sasa nani aonje?"

"Oiva aonje."

"Oiva aonje nikiwa nimesimama hapa mzima? Watauliza kama nimekufa."

Ni kweli, wangeuliza. Basi akaonja, na akishaonja ndiyo imeharibika, akamaliza bakuli. Nimepiga simu zahanati nikaahirisha. Nikachukua kalenda nitafute siku moja bila nyama kati ya leo na karamu ya mwezi ujao, ile tunayowalisha wenye mashamba waliotuachia msitu wao tuwinde. Sikuiona. Kila siku ya kuwinda ina supu na kila supu ina mkuu wake. Nikamwambia muuguzi tuiweke Desemba, mambo yakitulia.

"Desemba?" akasema. "Mbali kidogo, mama."

"Si ni nyama tu," nikamwambia. "Tukipima sasa mtasoma hirvi tena."

Akaandika Desemba.

Ijumaa, 20 Oktoba

Upepo. Hawakupata kitu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimekasirika. Leo Taisto ameonja supu mbele ya wote, akakunja uso, akasema ina ladha ya chuma. Ladha ya chuma! Supu ninayoipika tangu kibanda kile hakina paa! Wanaume wote wakaacha vijiko hewani.

"Chuma ni ulimi wako," nikamwambia, kwa sauti waisikie hata walioko chooni. "Sufuria ni ileile, mkono ni uleule, hirvi mmemleta wenyewe. Kama hutaki kula, nenda kajipikie. Uzee umekuingia mdomoni."

Wakacheka. Oiva akaonja akasema haina chuma chochote, nzuri kabisa. Taisto akainamisha kichwa akasema, "Basi ni mimi." Hakumaliza.

Jumanne, 24 Oktoba

Amemaliza bakuli lote, limepanguswa safi. Mtu mlalamishi ukimsema mara moja mbele za watu anakaa sawa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Bakuli safi tena. Nimefurahi.

Oiva analalamika kuhusu Halla. Eti amekuwa mvivu, leo kamwachia hirvi katikati ya kinamasi akarudi kibandani kulala chini ya benchi la Taisto. "Anapanuka kama mwenyekiti wa halmashauri," akasema. "Sijui anakula wapi, nyumbani nampimia."

Taisto alikuwa anaangalia dirishani.

Jumapili, 29 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, giza linaingia mapema. Taisto kalala mchana kutwa. Nilimwambia akapasue kuni, akasema baadaye. Baadaye ikafika, kuni ziko vilevile. Nimezipasua mwenyewe kwa hasira, na kwa hasira zinapasuka vizuri.

Anajikuna mikono na mgongo. Nimebadilisha sabuni.

Jumatano, 1 Novemba

Buti hazimwingii. Vifundo vya miguu vimejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikamwambia hiyo ndiyo faida ya kukaa kutwa benchini kibandani wakati wenzako wanatembea, damu inalala. Siku hizi hata lindoni haendi, anawapangia wengine kwa redio kisha anabaki karibu na jiko kama ajuza. Goti, anasema. Nampa vidonge, anameza, bado ni goti.

Nimemwambia jambo ambalo sikupaswa. Nilisema kama umechoka uongozi, sema, umwachie Oiva, usikae pale kama gunia ukitutia aibu. Alikaa kitandani na buti moja mkononi. Halafu akasema, "Labda kweli, Helvi." Huwa haniiti kwa jina.

Jumapili, 5 Novemba

Ugonjwa wa matumbo umeingia kijijini, nusu ya chama wako chooni. Taisto ameanza jana jioni. Hakuna kinachokaa tumboni, hata maji. Ana homa na maumivu ya mwili, nimempa vidonge vya maumivu, na vya presha kama kawaida, maana hivyo daktari alisema visikosekane hata siku moja.

Theluji imeanza kushika.

Jumatatu, 6 Novemba

Vilevile. Kutapika kumepungua. Hanywi.

Jumatano, 8 Novemba

Naandika nikiwa hospitali, mjini Kuopio, kwenye viti vya korido. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi nilimletea chai. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Nikamuuliza umelalaje, akaniuliza kama mama amekwisha kamua ng'ombe. Mama yake! Nikadhani ananitania. Nikamshika uso, pumzi yake ilikuwa na harufu kali ya zizi. Nikamuuliza mara ya mwisho kwenda chooni lini, hakujua, nami nikajaribu kukumbuka nikaona tangu jana sijasikia mlango wa choo. Nikaita gari la wagonjwa. Oiva akaja amevaa viatu visivyofanana, akanileta kwa gari lake nyuma yao, na Halla kiti cha nyuma, maana hakuwa na mtu wa kumwachia.

Daktari ni mwanamke kijana, jina lake Lehtisalo. Hana haraka ya maneno.

"Kreatinini yake ni mia sita na kumi na mbili," akasema. "Uwezo wa kuchuja umebaki saba."

Nikamwambia, na Mungu anisamehe, nilimwambia kwa sauti ileile ya kujua: "Daktari, hiyo namba isiwatishe. Ni nyama. Mume wangu anakula supu ya hirvi kila siku. Mwezi uliopita ilikuwa hivyohivyo, muuguzi wenu anajua."

Daktari akafungua mdomo, lakini aliyesema ni Oiva. Alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi.

"Shemeji, hajala."

"Hajala nini? Naosha mabakuli mwenyewe!"

"Hajala nyama wiki mbili na zaidi. Alikuwa anampa Halla. Chini ya benchi. Mimi nimemwona wiki iliyopita tu, nikamuuliza, akasema nyamaza. Alisema nyama yote ina ladha ya chuma na hawezi kuimeza, na hataki kukuudhi tena." Oiva akaanza kulia, mzee mzima, kwenye korido ya watu. "Nilidhani ni mambo yenu ya ndani."

Nikakaa chini. Nilitafuta siku moja bila nyama kwenye kalenda nikaikosa. Kumbe alikuwa nazo moja baada ya nyingine, mbele yangu, na mimi nikisifu bakuli safi. Siku yoyote ya hizo tungeweza kupima na namba ingesema ukweli.

Daktari akaniambia taratibu kwamba ladha ya chuma, kujikuna, kuvimba miguu, usingizi, vyote ni taka zilizobaki kwenye damu. Kwamba nyama inaweza kuipandisha namba kidogo. Haiwezi kuifikisha pale.

"Na ile mia moja arobaini na nane?" nikamuuliza. "Ile ya mwanzo. Ilikuwa nyama?"

"Huenda sehemu yake. Ndiyo maana kipimo hurudiwa. Sasa hatutajua."

Halafu akauliza dawa. Nikasema za presha tu. Akauliza, "Na za maumivu? Hizi za kununua bila kuandikiwa?"

"Hizo si dawa," nikasema. Nilisema hivyo kweli. Zinakaa na vijiko.

Hakunicheka. Akachukua karatasi ya chujio la kahawa kutoka kwenye mashine iliyokuwa pale pembeni, akanionyesha. Maji lazima yaingie kwa nguvu ya kutosha, akasema, ndipo yapite. Vidonge vile vinabana njia ya damu kuingia kwenye figo. Dawa ya presha inalegeza njia ya kutokea. Mtu mwenye afya anavumilia. Mwenye figo zilizochoka, tena akitapika na maji yakimwishia mwilini, hakuna kinachochujwa tena.

"Alikuwa anameza tangu lini?"

"Tangu Oktoba. Asubuhi na jioni. Kabla ya hapo, mara mojamoja." Nikamwambia na lile la muuguzi, kwamba aliniuliza na mara ya pili akaniuliza, nikajibu hakuna.

Akaandika. Sasa wamemwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Sijui kama ataamka ananijua.

Alhamisi, 9 Novemba

Ananijua. Aliniuliza nani anapika supu.

Jumamosi, 11 Novemba

Mashine tena. Nilikaa naye, mirija inatoka mkononi mwake na kurudi. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga tangu asubuhi, yakanitoka yote isipokuwa moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. "Nilisema ina ladha ya chuma."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya. Miaka yote hii nimekuwa nikijisifu kuwa mimi nasema linalonijia, sina unafiki, wenzangu wananijua. Nimekuwa nikidhani Taisto hana mengi ya kusema. Sasa najiuliza mara ngapi alianza kusema akaona ulimi wangu umemtangulia.

"Bakuli ulilompa Halla ulilipangusa kwa nini?" nikamuuliza.

"Yeye ndiye aliyelipangusa. Anapenda mchuzi wako."

Tukacheka kidogo. Halafu nikalia, na yeye kwa mkono usio na mirija akanipapasa kichwa, na mimi ndiye niliyepaswa kumpapasa yeye.

Jumatano, 15 Novemba

Amekojoa. Sikuwahi kufikiri nitaandika neno hilo kwa furaha namna hii. Namba inashuka, yaani ile inayotakiwa kushuka.

Jumatano, 22 Novemba

Nyumbani. Kreatinini 290 na imegoma hapo. Uwezo wa kuchuja 18. Mashine ameachana nayo kwa sasa. Daktari Lehtisalo hakuficha: kilichorudi ndicho hicho, yaliyobaki hayarudi. Itabidi waanze kutuandaa kwa mashine ya kudumu, mwaka mmoja, miwili, mitatu, hajui. Nikamuuliza kama tungepima tena ile tarehe kumi na saba ingekuwaje. Akasema asingependa kujibu swali hilo. Nikamwambia basi umejibu.

Nimetoa vidonge kwenye droo ya vijiko nikavirudisha duka la dawa. Droo imebaki na nafasi.

Jumamosi, 25 Novemba

Karamu ya wenye mashamba, ukumbi umejaa. Nimepika kwa sababu nisingepika wangeniuliza, na kupika najua. Oiva ndiye mkuu sasa. Lakini wakati wa kuonja alichota kijiko kimoja cha mchuzi, akavuka ukumbi mzima nacho, mkono chini kisidondoke, akampelekea Taisto. Watu wote wamesimama. Taisto akaonja. Akafumba macho.

"Haya," akasema. "Uhai umerudi." Sauti ilikuwa ndogo na walipiga makofi kupita kiasi.

Baadaye nilimwona Oiva jikoni anatafuta maji, na pakiti ya vidonge mkononi, mgongo unamsumbua. Nilimpokonya. "Shemeji, ni mgongo tu!" "Na lile lilikuwa goti tu," nikamwambia. "Jumatatu unakwenda kupima damu. Na wakikuuliza unameza nini, utaje vyote, hata hivi." Akasema sawa bila ubishi, jambo ambalo Oiva hajawahi kulifanya.

Jumatatu, 4 Desemba

Kesho kipimo, ile tarehe niliyoomba mwenyewe. Baridi kali, theluji inalia chini ya viatu. Leo imekuwa siku bila nyama. Tumekula uji wa shayiri na siagi kidogo asubuhi, viazi mchana, uji tena jioni. Haikuwa kazi hata kidogo. Nilikuwa nakoroga uji nikafikiri, ni hiki tu, ni sufuria hii ndogo tu nilikataa kuibandika jikoni.

Oiva alipita jioni, Halla akaingia naye, bado mnene. Alikwenda moja kwa moja chini ya kiti cha Taisto, akakaa, akainua pua, akangoja. Taisto alikuwa anakula uji wake polepole. Alipomaliza, akainama, akamwonyesha mbwa viganja vyote viwili.

"Hakuna, mama," akamwambia. "Siku hizi nakula mwenyewe."

Halla hakuondoka. Aliendelea kungoja palepale. Nami nikageukia sinki, nikafungua maji, nikaosha sufuria iliyokuwa imekwisha oshwa.